Kijumba cha mapumziko cha watu wawili Beddgelert, Wales: tuchukue cha kijijini au cha mlimani?

Mama Nasra, Leicester

Assalaam aleikum ndugu zangu, na heshima zangu kwa wakubwa wote mliopo hapa.

Mimi na mume wangu tulioana Tanga mwaka 2016, na fungate yetu ilikuwa ya siku tatu tu, kwa sababu ruhusa yake ya kazini ilikuwa inakwisha na tiketi ya kurudi Uingereza ilikuwa imekwisha kukatwa. Tangu hapo Mungu ametujaalia watoto wawili, tumehama nyumba mara tatu, na yeye amefanya kazi ya zamu za usiku ghalani kwa miaka saba, hivyo kwamba kuna juma zima ambalo tunapishana mlangoni. Safari hii wifi yangu amejitolea kukaa na watoto kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, mwishoni mwa Januari, nasi tumekubaliana kwamba hatutakwenda hotelini wala mjini. Tunataka kijumba cha mawe chenye chumba kimoja, jiko la kuni la kuotea moto, na utulivu wa kutosha wa mtu kumsikiliza mwenzake mpaka mwisho wa maneno yake. Mume wangu aliwahi kuona picha ya kijiji cha Beddgelert, kilichopo Wales ya kaskazini katikati ya milima ya Eryri, ambayo Waingereza wengi huiita Snowdonia, na tangu siku hiyo hataki kusikia mahali pengine.

Tumechuja matangazo mengi na tumebakiwa na nyumba mbili. Moja ipo kijijini penyewe, katika safu ya nyumba za mawe zilizoshikana ukuta kwa ukuta, hatua chache kutoka darajani. Sebule yake ni ndogo, ngazi ni nyembamba, na chumba cha kulala kipo juu chini ya paa. Nyingine imesimama peke yake mlimani, ina beseni kubwa la maji moto nje na picha zake zinapendeza kuliko za ile ya kwanza, na tangazo linasema kwamba ni mwendo mfupi kutoka kijijini. Bei zao zinakaribiana sana.

Hatuna gari, na hakuna kati yetu mwenye leseni ya huku. Naomba mnisaidie: ni nyumba ipi inayotufaa, tunafikaje huko kwa treni na basi, na je, Januari si wakati mbaya? Vilevile sisi ni Waislamu, kwa hiyo nawaza habari ya chakula. La mwisho naliuliza bila kificho. Sisi ni watu weusi, mimi najitanda ushungi, na kijiji ni kidogo ambacho bila shaka kila mtu anamjua mwenzake. Sitaki kwenda kupumzika mahali ambapo nitakuwa natazamwa kila nikitoka kununua maziwa.

Mwana wa Kisauni

Waaleikum salaam, dada yangu, na hongera kwa miaka yote hiyo. Nilisoma Bangor, hukohuko Wales ya kaskazini, miaka mitatu na nimelala Beddgelert mara nyingi, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu.

Chukueni ya kijijini, na sababu yangu ni miguu yenu. Mtu mwenye gari akisema mwendo mfupi anahesabu dakika za gurudumu, na mwendo huohuo kwa mguu, kwenye barabara nyembamba isiyo na njia ya waendao kwa miguu, iliyobanwa na kuta za mawe pande zote mbili, gizani, mvua ikinyesha, ni safari nyingine kabisa. Mwishoni mwa Januari jua huko huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na kwa kuwa kijiji kimezungukwa na milima, mwanga wa jua huondoka mapema zaidi ya hapo. Nyumba ya mlimani ingewafanya wafungwa kuanzia alasiri. Ya kijijini inawapa uhuru wa kuvaa makoti saa moja usiku, kutembea hadi darajani, kusikiliza maji, na kurudi kwenye moto kabla vidole havijafa ganzi.

Kuhusu mvua sitawaficha. Milima ya Eryri ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Uingereza. Kwenye vilele huanguka zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, ilhali Dar es Salaam hupata yapata 1,100. Januari ni mwezi wa maji. Lakini kwa watu wanaotafuta kukaa ndani pamoja, mimi naona ni mwezi mzuri kuliko Agosti, ambapo kijiji hujaa wapanda milima na hupati hata pa kuketi. Mito miwili, Glaslyn na Colwyn, hukutana katikati ya kijiji, na baada ya mvua ya usiku mmoja utaisikia yote miwili ukiwa kitandani.

Sasa safari. Kutoka Leicester pandeni treni hadi Birmingham New Street, kisha mchukue treni ya Transport for Wales inayokwenda Pwllheli, mshuke Porthmadog. Zingatieni jambo hili kwa makini: treni hiyo hugawanyika mahali paitwapo Machynlleth, mabehewa mengine yakaenda Aberystwyth na mengine Pwllheli. Tazameni maandishi ya behewa kabla ya kuketi, na mkiwa na shaka mwulizeni kondakta, kwa sababu nimeona watu waliosinzia wakaamka katika mji mwingine. Kutoka Birmingham ni kama saa nne, na sehemu ya mwisho hupita kando ya bahari kabisa. Mtavuka mdomo wa mto pale Barmouth juu ya daraja la mbao lililofunguliwa mwaka 1867, na baadaye mtaiona ngome ya Harlech juu ya mwamba. Ketini upande wa kushoto ili muione bahari. Kutoka Porthmadog hadi Beddgelert ni yapata kilomita 13. Mabasi ya Sherpa'r Wyddfa hufika kijijini, lakini ratiba ya majira ya baridi ni chache na Jumapili huwa chache zaidi, kwa hiyo agizeni teksi ya kuwapokea stesheni siku kadhaa kabla. Ile reli ndogo ya mvuke, Welsh Highland Railway, ambayo hupita Beddgelert kati ya Caernarfon na Porthmadog kwa njia ya kilomita 40, msiitegemee kwa usafiri, kwani safari zake za kawaida ni za kuanzia majira ya kuchipua hadi ya kupukutika.

Na la mwisho ulilouliza, dada. Watakutazama, ndiyo, kama ambavyo mgeni yeyote hutazamwa Gazi au Vanga, na baada ya salamu ya kwanza mambo hubadilika. Salamu hiyo iwe kwa lugha yao. Katika wilaya ya Gwynedd, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2021, asilimia 64 ya wakazi walisema wanazungumza Kiwelisi, na pale dukani ndiyo lugha utakayoisikia kwanza. Sisi Waswahili tunaipata upesi kuliko Waingereza, na nasema hivi nikiwa nimewafundisha wenzangu. Kwanza mkazo wa neno huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, sawasawa na Kiswahili. Kisha sauti zao nyingi tunazo: herufi mbili dd ni dh yetu ya dhahabu, th ni ile ya thamani, na ch ni kh ya kale ya kheri. Kwa hiyo kijiji husomwa Bedh-gélert, na asante, ambayo huandikwa diolch, husomwa diolkh. Habari za asubuhi ni bore da, kila herufi ikisomwa kama ilivyo. Sauti ya ll ndiyo ngumu peke yake: weka ulimi kama unataka kusema l, halafu pumua nje kupitia pembeni mwa ulimi.

Bi Mkubwa wa Cardiff

Mwanangu Mama Nasra, pokea salamu zangu. Mimi ni mtu wa Unguja, nimeishi Cardiff miaka mingi, na mimi na mzee wangu tulikaa Beddgelert Februari ya mwaka juzi katika nyumba inayofanana na hiyo yako ya kwanza. Kaka yako wa Kisauni amesema kweli, nami naongeza yaliyomo ndani ya nyumba, kwa sababu hayo wanaume hawayaandiki.

Kabla ya Beddgelert tuliwahi kukodi nyumba ya peke yake katika bonde jingine, nayo tangazo lake liliandika maneno hayohayo ya mwendo mfupi. Tulishuka kwenye basi na masanduku yetu tukapanda kilima kwa saa moja na robo. Mzee wangu goti lake lilivimba, na siku mbili zilizobaki alizimaliza akiwa ameweka mguu juu ya mto, na lile beseni la maji moto la nje hatukuligusa kwa sababu upepo ulikuwa unang'oa kifuniko chake. Nilipomwandikia mwenye nyumba akanijibu kwamba wageni wengine hawakulalamika. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwulize mwenye nyumba swali moja tu kwa maandishi: kutoka mlangoni hadi dukani ni mita ngapi, na je, ni mlima au tambarare? Asipojibu kwa namba, achana naye.

Nyumba hizi za mawe zina kuta nene kama za Mji Mkongwe, na kama za kwetu hutunza kile zilichokipata: zikipata joto hulishika, na zikikaa tupu wiki mbili hushika baridi. Mwombe mwenye nyumba awashe vipasha joto tangu asubuhi ya siku mtakayofika. Milango ni mifupi, mwambie mumeo ainame. Ufunguo huwekwa ndani ya kisanduku ukutani chenye namba za siri. Ziandike kwenye karatasi, kwa sababu mtandao wa simu kule ni hafifu na ndani ya kuta hizo hupotea kabisa.

Jiko la kuni ndilo moyo wa nyumba, kwa hiyo nitalieleza taratibu. Ni kisanduku cha chuma cheusi chenye mlango wa kioo, na chini yake kuna kifungio cha hewa kinachovutwa kama droo. Usiku wa kwanza mzee wangu alikifunga mapema mno, moshi ukarudi sebuleni, tukafungua madirisha na mvua ikaingia. Usiku wa pili tulijua. Panga vijiti vikavu kama kiota cha ndege, weka kigogo kimoja chembamba juu, uache hewa wazi kabisa mpaka chuma chenyewe kipate moto na moshi upande wenyewe juu. Ndipo uongeze kigogo kinene na kupunguza hewa kidogo kidogo. Majivu usiyakombe yote, bakiza tandiko la unene wa kidole, kuni hushika vizuri juu yake. Kikapu cha kwanza cha kuni kwa kawaida ni bure na vinavyofuata hulipiwa, basi uliza, na uhakikishe kuni zimekauka sawasawa. Nasi tuliolelewa na majiko ya mkaa tunajua hatari ya hewa yake ndani ya chumba kilichofungwa, kwa hiyo usilale kabla hujakiona king'ora cha kaboni monoksaidi na kukibonyeza ili ukisikie kikilia.

Chakula msikitafute kijijini. Bebeni nyama ya halali kutoka Leicester ikiwa imegandishwa ndani ya mfuko wa baridi, na tui la kopo, bizari, na mchele wenu mliouzoea. Vitu vingine nunueni Porthmadog mkishuka kwenye treni, maana duka la kijijini ni dogo. Siku ya pili mimi nilipika samaki wa nazi, harufu ikajaa nyumba nzima mpaka juu chumbani, na mzee wangu, ambaye nyumbani hula akitazama taarifa ya habari, alikaa mezani saa mbili akinisimulia habari za marehemu mama yake ambazo kwa miaka thelathini sikuwahi kuzisikia. Vya kwao muonje bara brith, mkate wa matunda makavu yaliyolowekwa ndani ya chai, na vile vijikate vya duara vinavyookwa juu ya bamba la chuma kama chapati; lakini hivyo vya duara ulizeni kwanza mafuta yake, kwa sababu wengine hutumia ya nguruwe. Kibla kwa kule ni kusini-mashariki.

Asubuhi moja mtembee hadi kaburi la Gelert, ni dakika chache tu kwenye njia tambarare kando ya mto. Jina la kijiji lina maana ya kaburi la Gelert, na masimulizi ni kwamba Llywelyn, mtawala wa Gwynedd wa karne ya 13, alirudi kutoka mawindoni akamkuta mbwa wake ana damu mdomoni na kitanda cha mtoto kimepinduka, akamchoma upanga. Kisha akasikia mtoto analia chini ya kitanda, mzima, na kando yake mbwa mwitu mkubwa amelala amekufa. Wataalamu wanaona kwamba jina hasa linatokana na mtakatifu wa kale, na kwamba kisa cha mbwa kilipachikwa hapo mwishoni mwa karne ya 18 na mwenye hoteli, David Pritchard, ili kuvuta wageni. Mimi nilisimama pale nikalia, na sioni haya kusema hivyo. Kuhukumu kwa haraka kabla ya kusikiliza ni jambo ambalo kila mke na mume wanalijua.

Mtu wa Shela

Naomba nami nichangie, kwa heshima, jambo ambalo halijaguswa, kwa sababu naamini litamsaidia Mama Nasra katika kuchagua.

Mimi natoka Lamu. Nimeona nyumba za babu zetu pale Shela zikinunuliwa moja baada ya nyingine na wageni wanaokuja wiki chache kwa mwaka, mpaka kijana wa Shela anayetaka kuoa hana pa kumweka mke wake. Wawelisi wa vijiji vya Eryri wanalalamikia jambo lilelile kwa maneno yaleyale. Kijumba cha mawe kinachotupendeza sisi kwa siku tatu ndicho kijumba ambacho mwalimu au dereva wa pale angekianzia maisha, na familia changa zikiondoka, shule hupungukiwa na watoto na lugha hupungukiwa na wasemaji. Ndiyo maana tangu Aprili 2023 sheria ya Wales inaruhusu halmashauri kuongeza hadi asilimia 300 juu ya kodi ya kawaida ya nyumba zisizo makao ya kudumu, na Gwynedd ilipanga asilimia 150. Tangu mwezi huohuo, nyumba ya kukodishwa kwa wageni haihesabiwi kuwa biashara mpaka ikodishwe kweli kwa siku 182 katika mwaka, ambapo zamani siku 70 zilitosha.

Sisemi msiende. Utalii unalisha watu wengi kule, kama unavyolisha Lamu. Nasema mwulize mwenye nyumba kama yeye mwenyewe anaishi kijijini au karibu, na ikiwa kuna nyumba mbili zinazolingana, chukueni ya mkazi. Mara nyingi ni chumba kilichoongezwa ubavuni mwa nyumba ya familia, au zizi la zamani lililotengenezwa upya, ambalo halijamnyima mtu makao. Na kwenda Januari kunawasaidia wenye maduka katika miezi ambayo hawapati kitu.

Mama Nasra, Leicester

Nimesoma majibu yenu mara mbili, mara ya pili nikimsomea mume wangu kwa sauti alipotoka kazini alfajiri. Mungu awalipe.

Nilimwandikia mwenye nyumba ya mlimani lile swali la Bi Mkubwa. Alijibu kwamba wageni wengi huona ni matembezi mazuri. Mwenye nyumba ya kijijini alijibu kwamba ni mita 150 hadi dukani, tambarare, isipokuwa ngazi tatu za mlangoni ambazo huteleza zikilowa. Nilimwuliza pia swali la kaka wa Shela, akasema amezaliwa palepale na anaishi nyumba ya pili kutoka hiyo, na kwamba kijumba kilikuwa cha shangazi yake. Tumelipa malipo ya kwanza jana.

Nina swali dogo lililobaki. Tutakuwa huko Jumapili tarehe 25 Januari, na sitaki siku hiyo tukae tu. Tufanye nini bila gari?

Mwana wa Kisauni

Dada, umeangukia siku yenyewe! Tarehe 25 Januari ni siku ya Santes Dwynwen, ambaye Wawelisi wanamhesabu kuwa mtakatifu wa wapendanao, na watu kule hupeana kadi na maua siku hiyo badala ya kungoja Februari. Mabaki ya kanisa lake yapo Ynys Llanddwyn, katika kisiwa cha Anglesey, lakini bila gari siku ya Jumapili msijaribu kufika. Mwambie shemeji akutafutie kijiko cha mapenzi, cha mbao, ambacho zamani kijana alikichonga kwa kipande kimoja cha mti na kumpelekea msichana wake ili aone kama mikono yake ina uvumilivu. Cha zamani zaidi kinachojulikana Wales kina tarehe ya 1667 na kipo katika makumbusho ya St Fagans, karibu na Bi Mkubwa.

Jumapili asubuhi mtembee kufuata mto Glaslyn kuelekea kusini hadi korongo la Aberglaslyn. Mwanzo wa njia ni rahisi kwa yeyote. Mbele, mahali ambapo mto unabanwa na miamba, kuna vishikizo vya chuma vilivyopigiliwa kwenye jiwe. Mkikuta pamelowa au maji yamepanda, geukeni bila majuto. Na usiku, mawingu yakifunguka, zimeni taa zote na mtoke nje. Tangu mwaka 2015 Eryri imetambuliwa kimataifa kuwa hifadhi ya anga la giza.

Mama Nasra, Leicester

Nimerudi, na nimeona ni deni kuwaeleza.

Treni iligawanyika Machynlleth kama tulivyoambiwa, nasi tulikuwa katika behewa sahihi. Teksi ilitungoja Porthmadog. Tulikuta nyumba ina joto, na mezani kuna bara brith iliyofungwa kwa kitambaa, na karatasi ndogo iliyosema kwamba haina pombe wala mafuta ya mnyama. Kumbe mwenye nyumba alikumbuka kwamba niliwahi kumwuliza. Mvua ilinyesha Ijumaa usiku na Jumamosi kutwa, na mume wangu alilala saa kumi na mbili mfululizo usiku, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu tuoane. Nilikaa chini nikilisha moto, nikauacha usingizi wake uishe wenyewe.

Dukani nilisema bore da, na mama aliyekuwa akipanga maziwa akaacha kazi yake, akanijibu, kisha akanifundisha kutamka ll kwa subira huku watu wawili nyuma yangu wakisubiri zamu yao. Hakuna aliyenitazama vibaya. Bwana mmoja aliuliza tumetoka wapi, na nilipomwambia Tanga akasema hapajui, akaomba nimwandikie jina.

Korongo tuliliona Jumapili, lakini kwenye vishikizo vya chuma tuligeuka. Maji yalikuwa ya kahawia na yanapita juu ya mawe ya njia. Jioni ile mawingu yakafunguka. Tulizima taa, tukasimama kwenye zile ngazi tatu tumejifunika blanketi moja, na mume wangu, aliyekulia mashambani Muheza, alininyoshea kidole nyota za Kilimia, ambazo babu yake alikuwa akizitazama ili ajue wakati wa kulima. Alihesabu saba. Mimi niliona sita. Tulibishana mpaka baridi ikaturudisha ndani.

Kijiko cha mbao alikuwa ameshakiagiza kabla hatujasafiri, amekificha ndani ya mfuko wa mchele.